Picha ya Kabla ya Maji

Yule mama fundi cherehani hakuwahi hata siku moja kuandika kipimo cha mtu. Ukiingia dukani kwake anakutazama juu mpaka chini, anakuzungusha, anakupitishia futi kamba kifuani na kiunoni, basi, umeshaingia kichwani mwake na hutoki. Hata ukipotea miaka, siku ukirudi anakwambia palepale umeongezeka inchi ngapi na anakuuliza umemeza nini. Watu walimfuata kwa mishono yake safi, lakini wengine, tusidanganyane, walikwenda pale kutaniwa. "Wewe makalio yako yamehamia wapi? Suruali hii nilikushonea ukiwa nayo!" Na mwenye suruali anacheka mpaka machozi yanamtoka, kisha anaagiza nyingine.

Alikuwa mjane wa siku nyingi, na alikuwa na watoto wawili. Wa pili alikuwa dereva wa malori, watu wakimwita Breki kwa sababu hakujua breki ina kazi gani. Wa kwanza, binti, alikuwa mpiga picha katika hospitali kubwa. Usije ukafikiria picha za harusi. Alikuwa mpiga picha wa MRI, lile lidude lenye tundu katikati, sumaku kubwa ajabu. Mtu analazwa humo, linagonga na kunguruma kama mafundi bati waliogombana, halafu linatoa picha ya ndani ya mwili bila mtu kuchanwa hata kidogo. Pale hospitalini walimpachika jina la Sumaku, maana alisimama kwenye mlango wa kile chumba kama askari. Vua saa, vua mkanda, toa kibanio cha nywele, toa sarafu. Mganga mkuu mwenyewe alisharudishwa mlangoni kwa ajili ya kalamu ya mfukoni, akanuna juma zima. Sumaku hakujali. Lile dude halitambui cheo cha mtu, likiona chuma linakivuta.

Maradhi ya mama yalianza kwa kichwa kuuma. Kila akiamka ni kichwa, kila akiamka ni kutapika, na majirani wenye midomo wakaanza kuulizana kama bibi huyu kapata mimba ya uzeeni. Mwenyewe alicheka. "Ningemjua baba yake ningemshonea suti," alisema. Baadaye macho nayo yakaanza kuona ukungu, akawa anamwita mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano, yeye ambaye alitunga uzi huku akizungumza na watu watatu. Lakini siku alipompima mteja mmoja mabega, akakaa, akanywa maji, kisha akanyanyuka kumpima mabega yuleyule tena, binti yake alikuwepo dukani, akaona. Hakumuuliza mtu ruhusa. Alimkamata mama yake mkono, akafunga duka, wakaenda hospitali.

Jamani, mpeleke mtu mwingine yeyote kwenye sumaku, fundi cherehani muache! Sumaku alimkagua mama yake karibu nusu saa. Pini kwenye ukosi, pini kwenye pindo la gauni, sindano imechomekwa begani, nyingine kwenye kitambaa cha kichwani, na kila alipodhani amemaliza, mama alikuwa akijipapasa na kusema, "Ngoja, hapa napo." Mpaka wenzake Sumaku wakawa wamejikunja kwa kicheko. "Nitoe na meno basi," mama akasema, "pengine nayo ni chuma, maana yametafuna mengi." Akalazwa, akaingizwa kwenye tundu, dude likaanza makelele yake, na Sumaku akarudi kukaa nyuma ya kioo akiwa bado anatabasamu.

Picha ya kwanza ilipotokea, tabasamu lilikwisha. Katikati ya ubongo wa kila mtu kuna vijumba vya maji, maji safi yanayozunguka na kutoka kwa njia zake. Katika kijumba cha kati cha mama yake alikaa mgeni, uvimbe wa mviringo, umeziba mlango. Maji hayakuwa na pa kutokea, vijumba vilikuwa vimefura, na ubongo umesukumwa kwenye ukuta wa fuvu. Sumaku alishaona picha kama hizo za vichwa vya watu wengine, akazituma kwa madaktari, akaenda kunywa chai. Safari hii alishindwa hata kuinuka. Alibonyeza kile kitufe cha kuzungumzia na waliomo ndani, akasema, "Tulia hivyohivyo Mama, unaendelea vizuri," na sauti yake ikatoka salama. Mwenyewe hakujua ilitokaje.

Daktari wa upasuaji wa ubongo pale hospitalini wote walimwita Bingwa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini hata ilikubidi uegemee mbele kumsikia. Aliwakalisha mama na wanawe wawili ofisini, akaeleza bila kuzunguka. Wangetoboa tundu dogo kwenye fuvu, wapitishe bomba jembamba lenye kamera mpaka kwenye kile kijumba cha maji, wautoe uvimbe kidogo kidogo kupitia humo humo kwenye bomba. Kamera huona kilicho mbele ya pua yake tu. Picha ya MRI, kwa upande wake, huonyesha kichwa kizima, kilicho mbele na kilichojificha nyuma. Kwa hiyo wanaziunganisha: kompyuta inafuata ncha ya bomba kila inapokwenda, na inaiwekea alama ndani ya picha ya MRI, ili daktari ajue yuko wapi na nini kiko nyuma ya ukuta anaoutazama.

"Nimekuelewa," mama akasema. "Kamera ni sindano, picha ni mistari ya chaki niliyochora kwenye kitambaa. Ukishona bila chaki unaharibu."

"Hasa," Bingwa akasema, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Ila kuna jambo moja, Mama. Juu ya huo uvimbe, kulia na kushoto, zimepita kamba mbili nyembamba za ubongo. Mambo mapya yote mtu anayoyashika kichwani hupitia humo. Tukizikwaruza, utatujua, utajua jina lako na ya zamani, lakini ya leo hayatakaa."

Safari hii mama hakutania. "Daktari," akasema, "chukua nywele, chukua damu, ukitaka chukua na miguu, nitazungusha cherehani kwa mkono. Hizo kamba usiziguse. Duka langu lote limo humo." Halafu akamgeukia binti yake. "Na wewe utakuwepo?"

Sheria ilikuwa hapana. Mtu hashughulikii mwili wa mama yake, kila hospitali inajua hivyo. Lakini kazi ya kuunganisha picha na kamera waliiweza watu wawili tu pale, Sumaku na mwenzake, na mwenzake alikuwa amevunjika mguu, yuko kwao amefungwa plasta mpaka kwenye nyonga. Bingwa alitaka wasubiri. Sumaku alimwonyesha macho ya mama yanavyozidi kufifia, akamwonyesha picha mpya na vijumba vilivyozidi kufura, akabishana, akabembeleza, akalia.

"Na moyo wako je?" Bingwa akamuuliza.

"Moyo nitauvua mlangoni, niuache na saa."

Bingwa alimtazama sana. Mwisho akakubali, naye mpaka leo hajajisamehe kwa kukubali kule.

Chumba chenyewe cha upasuaji kilijengwa kwa kazi hiyo. Upande mmoja ipo meza ya mgonjwa, upande wa pili liko lile dude la sumaku, na kati yao sakafuni umechorwa mstari mwekundu. Bomba la kamera na vifaa vingine vingi vinaachwa upande wa huku wa mstari, vinahesabiwa, ndipo meza inageuzwa na mgonjwa anasukumwa kwenye tundu, anapigwa picha akiwa amelala usingizi wa dawa, anarudishwa. Na kuna desturi moja mle ndani ambayo haijaandikwa popote lakini hakuna aliyewahi kuivunja: daktari hasogezi bomba mpaka mtu wa picha atamke neno moja. Inashika. Maana yake picha na kichwa vimeoana, alama iliyo kwenye kioo cha kompyuta ni mahali penyewe. Bingwa na ukubwa wake wote alisimama kama mwanafunzi mpaka Sumaku aseme.

Asubuhi ile kila kitu kilikwenda sawasawa. Mama alilazwa akitania wauguzi kuhusu mishono mibovu ya makoti yao. Dawa ikamchukua katikati ya sentensi. Wakamfunga kichwa kisitikisike, wakapiga picha, wakaoanisha. "Inashika," Sumaku akasema, na tundu likatobolewa, na bomba likaingia. Kwenye kioo kimoja ilionekana kamera inavyoona, kuta nyeupe zinazong'aa ndani ya maji maangavu. Kwenye kioo cha pili picha ya MRI na alama ndogo ya kijani ikitembea ndani yake. Sumaku alikuwa akiangalia vyote viwili.

Kisha wakayatoa maji yaliyokuwa yamebanwa. Yalitoka kwa nguvu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Maji yakishatoka, ubongo hushuka. Unanywea, unakaa chini, kama mto wa sufi uliokaliwa. Si sana, upana wa punje ya mchele labda, lakini ndani ya kichwa punje ya mchele ni nchi nzima. Tangu hapo ile picha ya kwanza ni picha ya kichwa ambacho hakipo tena. Ndiyo maana kanuni ya chumba ilikuwa: maji yakitoka, picha mpya. Unarudi kwenye sumaku, hata kama umechoka, hata kama mgonjwa ni mtoto wa rais.

Bingwa alilichomoa bomba. "Tunarudi kwenye sumaku?" akauliza. Lilikuwa swali la mazoea tu, jibu lake lilijulikana.

Na hapo hapo daktari wa usingizi, aliyekaa pembeni ya mgonjwa, akasema, "Presha inashuka. Nimeongeza dawa. Sipendi tukawie."

Sumaku alitazama kule kwenye namba za moyo. Hakupaswa kutazama kule. Hazikuwa kazi yake. Kuhesabu vifaa, kufunika, kugeuza meza, kupiga, kurudisha, kuoanisha upya, ni karibu saa nzima, na mama yake anashuka. Akasema, "Tuguse kwanza, tuone."

Bingwa akachukua kijiti cha kugusia, ambacho kompyuta hukifuata kama inavyolifuata bomba, akagusa katikati ya nyusi za mama. Alama ikaangukia palepale kwenye picha. Akagusa mfupa wa nyuma ya sikio. Palepale. Akagusa mfupa wa shavu. Palepale, bila kukosea hata unywele. Ingekosaje? Ile ni mifupa! Mfupa haunywei maji yakitoka. Pua haikusogea, sikio halikusogea, kilichosogea kilikuwa ndani, na huko hakuna kijiti kilichogusa. Mimi na wewe tusingeweza kukosea hivyo, kwa sababu tusingejua hata kinachoguswa ni nini. Kosa lile ni la watu waliozoea kuona alama ikiangukia mahali pake mpaka mioyo yao ikatulia kabla ya akili.

Naye alijua. Tusimtetee. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi jambo hilo kila mwaka, kwa ukali, akigonga meza. Alijua, lakini alichoona siku ile kilikuwa mama yake amelala mdomo wazi, na namba zinazoshuka, na akataka atoke mle upesi. Alitaka tu atoke.

"Inashika," akasema.

Bingwa alisita kidogo, akamtazama juu ya barakoa. Kisha akarudisha bomba ndani, kwa sababu neno lilikuwa limetamkwa.

Uvimbe ulitoka vizuri, kipande baada ya kipande, laini kama ute wa yai lililoanza kuiva. Karibu na mwisho kimshipa kikavuja. Si damu nyingi, lakini maji yalichafuka, kamera ikawa inaona wekundu mtupu. Katika hali kama hiyo daktari huegemea ile picha ya pili. Alama ya kijani ilionyesha kwamba juu na kushoto kuna nafasi, uwazi mtupu, na Bingwa akapitisha ncha ya kifaa pale penye nafasi kukibana kile kimshipa. Damu ikakatika. Maji yakasafishwa. Wote wakashusha pumzi, presha ya mama ikapanda yenyewe, na muuguzi mmoja akaanza kuimba kwa pua. Sumaku alijisikia mwepesi. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso wakati wanageuza meza kwa picha ya mwisho.

Ni yeye aliyeiona kwanza, tena peke yake, wengine wakiwa wanavua glavu. Uvimbe haukuwepo, safi kabisa. Lakini kamba ya kushoto ilikuwa imekatika, na ya kulia imevimba na kuvia damu. Pale ambapo picha ya zamani ilisema kuna nafasi, ubongo ulikuwa umeshuka ukaijaza. Sumaku alikaa mbele ya kioo akijiambia kwamba ni kivuli, akapiga tena, na kivuli kikawa palepale.

Mama aliamka kesho yake akiwa na macho maangavu. Alimwona Sumaku, akamwona Breki, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mmemaliza pini zote?" Lo, Breki alilia kama mtoto! Alimkumbatia dada yake, akamwinua juu, akamzungusha wodini mpaka wauguzi wakamkaripia. Mama akauliza upasuaji ni lini. Wakamwambia umekwisha, Mama, jana, na umepona. "Kumbe! Na mimi nimelala tu." Akacheka. Akaletewa maji, akanywa, akarudisha kikombe, akajifuta mdomo. Akamtazama binti yake.

"Enhe, upasuaji wenyewe ni lini?"

Breki alidhani ni utani. Alicheka peke yake.

Kikao kiliitwa hospitalini. Sumaku alisema yote, hakubakiza. Bingwa naye akasimama, akasema aliyeshika bomba ni yeye, na kanuni aliijua kabla binti huyu hajazaliwa. Wakubwa wakanong'ona, wakaandika, wakaamua kwamba ndugu wa mgonjwa haingii tena mle hata iweje, na Sumaku akahamishwa chumba kingine, picha za magoti na migongo. Hakumwaga unga, wenzake wakamwambia ana bahati. Walimfariji kila walipokutana naye: mama yuko hai, anaona, hatapiki, kuna wanaotamani hivyo. Walisema kweli, na kila mara alitamani kuziba masikio.

Alipotoka hospitalini mama alirudi dukani, ungemzuiaje? Na hapa ndipo pa ajabu, maana mikono haikusahau kitu. Mikono ina njia yake kichwani, haipiti kwenye zile kamba. Ilikata, ikakunja, ikapiga mshono ulionyooka kuliko zamani. Lakini anamaliza mkono wa kushoto wa gauni, anauweka kando, mtu anapita anamsalimu, anaanza mkono wa kushoto upya. Siku moja Sumaku alikuta gauni moja lina mikono mitatu mezani, yote ya kushoto, yote mizuri. Wateja wa zamani aliwajua, aliwatania kwa inchi zao za miaka iliyopita. Wapya waliingia wakiwa wageni, wakatoka wakiwa wageni, na wakirudi kuchukua nguo anawapima. Wakaanza kupungua kwa heshima, mmoja mmoja. Hakuna aliyelalamika.

Breki alikuwa akirudi safarini na habari zilezile za kumsifu dada yake mbele za watu. "Huyu dada yangu ndiye aliyemwokoa mama! Alikuwa mle ndani, anawaongoza madaktari kwa kompyuta!" Sumaku anainamisha kichwa, watu wanamsifu kwa unyenyekevu.

Aliweza kuvumilia mikono mitatu. Kilichomshinda kilikuwa yale macho ya mama yakimtazama kwa imani, bila doa, kila siku kama mpya. Alitaka mama ajue. Alitaka mama amtukane, ampige hata, halafu amwambie yamekwisha. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kumwambia hivyo na yeye akaamini. Kikao hakikuweza, Bingwa hakuweza. Na mama bado alikuwepo: ukikaa naye bila kitu kumkatiza alikuwa mama yuleyule, akili yake kali, anafuata mazungumzo mpaka mwisho. Tatizo lilikuwa kukatizwa. Kikombe, hodi, simu, basi, ukurasa umefutwa.

Kwa hiyo siku moja baada ya chakula cha mchana Sumaku alimtuma Breki mbali, akazima simu, akafunga mlango wa duka kwa komeo, akavuta kigoda karibu na cherehani. Akamwondolea mama kitambaa mikononi, akaishika mikono yenyewe.

"Mama, nina jambo. Usinikatize mpaka nimalize."

"Umepata mchumba?"

"Mama."

"Haya, nimenyamaza."

Akamwambia. Alimweleza maji, ubongo unaoshuka, kanuni, mifupa iliyoguswa. Alimweleza lile neno. Alisema, "Nilijua, Mama. Si kwamba sikujua. Niliogopa utakufa, nikasema inashika, na haikuwa inashika. Ndiyo maana hukumbuki. Ni mimi."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alirudisha mikono yake mapajani. Uso wake ulibadilika polepole, akaangalia duka zima, rafu zilizopungua vitambaa, mikono ya gauni iliyolundikana mezani, akaanza kuelewa ile mikono ni ya nini, na Sumaku akamwona anavyoelewa. Hajawahi kuona kitu kibaya kuliko hicho, na ameona vichwa vingi.

"Kumbe ndiyo maana," mama akasema. "Nilikuwa najiuliza mbona watu wananitazama hivi." Sauti ikapanda. "Na ulijua? Wewe mtoto, ulijua? Nilimwambia yule daktari, nikamwambia hizo asiziguse! Nilisema mbele yako!" Akapiga meza kwa kiganja, mkasi ukaruka. Akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyeletewa habari ya msiba wake mwenyewe, akijipiga kifua, "Duka langu, jamani, duka langu," na Sumaku alikuwa sakafuni amemkumbatia magoti.

Kilio kikapungua. Mkono ukamshukia kichwani, mzito, ukamsugua nywele kwa nguvu kama alivyokuwa akimsugua alipokuwa mdogo.

"Nyanyuka," mama akasema. "Nyanyuka, utachafua gauni. Sikiliza. Ningekuwa mimi, na wewe ndiye umelala pale, ningesema hivyohivyo. Umesikia? Ningesema inashika, na ningemfukuza daktari atakayebisha. Nimekusamehe, mwanangu. Kwa moyo wangu wote. Usilale tena na hilo jambo."

Sumaku alilia kilio kingine kabisa, kile cha kupumua. Tangu siku ya ile picha hakuwahi kupumua mpaka chini. Mama alimfuta uso kwa kipande cha bitana, na wakakaa hivyo, kichwa cha mmoja begani kwa mwenzake.

Mlango ukagongwa. "Hodi! Fundi yupo?"

"Yupo!" mama akaitika, akanyanyuka, akafungua komeo. Alikuwa mwanamke mmoja na sare ya shule ya kuongezwa pindo. Mama akaipokea, akaitazama, akasema njoo kesho, akarudi. Akakaa. Akachukua kitambaa chake. Ndipo akamwona binti yake.

"He! Wewe mbona macho mekundu? Nani kakuliza?"

Sumaku akajifuta macho kwa kiganja.

"Nakuuliza, nani kakuliza? Nitajie nikamtie adabu." Akakiweka kile kitambaa chini, akamsogelea, akamshika kidevu. Uso wake haukuwa na alama yoyote ya yaliyopita, ila kope zilikuwa bado zimelowa, naye hakujua kwa nini. "Niambie mimi mama yako. Kuna kitu gani utakachoniambia nisikusamehe?"

Angeweza kumwambia tena. Maneno yalikuwa palepale mdomoni, yanajua njia. Na mama angeangalia tena zile rafu, angepiga tena meza, angelia tena duka lake, tangu mwanzo, kwa uchungu uleule mpya, na mwisho wake angesamehe. Yangemchukua kama robo saa. Kisha mtu angegonga mlango.

"Hakuna kitu, Mama," Sumaku akasema. "Kichwa tu kinaniuma."

"Kichwa usikifanyie mchezo," mama akasema. "Si unapiga picha vichwa vya watu wewe? Kapigwe na chako." Akamgonga paji la uso kwa kidole, taratibu, akarudi kwenye cherehani, akachukua kitambaa, akaanza kukata mkono wa kushoto. Sumaku akashika upande wa pili ili kisiteleze.